Funika Chupa Kwanza, Kisha Uniambie Dodoma Haifai

Kuna hukumu moja mjini Arusha ambayo imezoeleka hadi watu wamesahau kwamba inaweza kupingwa. Utaisikia kwenye hoteli zilizo karibu na Mnara wa Saa, kwenye harusi za Njiro, kwenye nyumba za wageni za Usa River na kwenye maduka ya vinywaji ya Sakina. Inasema hivi: mvinyo mwekundu wa maana ni wa Bordeaux, ukikosekana, chukua wa Afrika Kusini uliotengenezwa kwa mtindo huohuo, na huu wetu wa Dodoma waachie kanisa, wanafunzi na mtu aliyeishiwa. Wanaoitoa ni watu wazima wenye akili zao, na wengine ndio wanaopanga orodha za vinywaji ambazo mgeni atakabidhiwa mezani. Nimebishana nao mara nyingi. Ukiwauliza walifikaje hapo, jibu huwa ni kwamba jambo hilo linajulikana.

Mimi sikubali. Sisemi kwamba mvinyo wa Dodoma ni bora kuliko wa Bordeaux, na yeyote atakayenisingizia hivyo atakuwa hajanisoma. Ninachosema ni kwamba hukumu hiyo haikutolewa na mdomo. Macho yalisoma lebo, masikio yakasikia bei, kesi ikafungwa kabla kizibo hakijatoka. Kwa kitu ambacho kazi yake yote ni kunywewa, huo si ushahidi.

Tuanze na jina lenyewe la Bordeaux, maana ndilo linalowanyamazisha watu. Bordeaux si shamba moja la ajabu. Ni eneo kubwa la kusini-magharibi mwa Ufaransa lenye makumi ya maelfu ya hekta za mizabibu, na sehemu kubwa ya kinachotoka huko ni mvinyo wa kawaida wa kula nao chakula cha jioni. Mwekundu wake ni mseto. Cabernet Sauvignon huleta ukakasi na uti wa mgongo, Merlot hulainisha na kujaza mdomo, Cabernet Franc huongeza harufu, halafu pengine hutiwa Petit Verdot au Malbec kidogo. Kule Médoc, kwenye udongo wa changarawe, Cabernet ndiyo inayotawala. Ukivuka mto kwenda Saint-Émilion na Pomerol, kwenye udongo wa mfinyanzi, Merlot ndiyo mkubwa wa nyumba. Mashamba yaliyoipa Bordeaux sifa yake ni machache, na chupa zake huuzwa kwa fedha ambazo duka la kawaida la Arusha haliwezi kuzifungia kwenye rafu. Kwa hiyo chupa unayoiona pale juu, iliyoandikwa jina la mkoa kwa herufi za dhahabu, ni ndugu wa mbali sana wa mvinyo unaousikia kwenye hadithi.

Hata yale madaraja maarufu ya mashamba ya Bordeaux hayakutoka pale wengi wanapodhani. Yalipangwa mwaka 1855 kwa ajili ya Maonyesho ya Paris, enzi za Napoleon wa Tatu. Walioyapanga ni madalali wa mvinyo, na kipimo chao kikuu kilikuwa bei ambayo kila shamba lilikuwa limezoea kuuzia. Tangu hapo daraja la kwanza limeongezewa shamba moja tu: Mouton Rothschild, lililopandishwa kutoka daraja la pili mwaka 1973. Mengi ya mashamba yale bado yanatengeneza mvinyo mzuri sana, sikatai. Lakini wanaolijua hilo kwa kweli ni wale wanaoyaonja kila mwaka. Anayeiheshimu orodha ile bila kuonja anaheshimu daftari la bei la karne ya 19.

Halafu kuna suala la mwaka, na hapa ndipo mashabiki wetu wa Bordeaux hujikwaa kwa mguu wao wenyewe. Kule zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, na hali ya hewa ya bahari ya Atlantiki haina huruma. Baridi kali ya Aprili inaweza kuunguza machipukizi, kama ilivyotokea mwaka 2017. Mvua ikija Septemba, zabibu hunywa maji na kuoza. Ndiyo maana mivuno ya 1982, 2005 na 2010 inasifiwa duniani kote, na ya 2013 inakumbukwa kwa masikitiko. Shamba ni lilelile, lebo ni ileile, mvinyo ni mwingine. Mtu wa Bordeaux mwenyewe, kabla hajasema chupa ni nzuri, atauliza ni ya mwaka gani. Hapa kwetu swali hilo silisikii. Mtu anasema "ni Bordeaux" na kuhesabu kwamba amemaliza.

Wengine hukimbilia umri. Chupa imekaa miaka kumi, wanasema, basi imekomaa. Imekomaa wapi? Mvinyo uliotengenezwa kwa ajili ya kuzeeka hukaa gizani, umelazwa ili kizibo kisikauke, kwenye ubaridi wa nyuzi 12 hadi 14 usiopanda wala kushuka. Na mvinyo mwingi wa dunia, wa Bordeaux ukiwemo, haukutengenezwa kuzeeka hata kidogo. Ulitakiwa unywewe ndani ya miaka michache. Chupa iliyosimama wima kwenye dirisha la duka linalopigwa na jua la mchana kwa miaka mitatu haikomai. Inakufa polepole, na lebo yake inabaki nzuri vilevile.

Basi mvinyo mwekundu wa mtindo wa Bordeaux hupimwaje? Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu nimegundua kwamba wengi wanaouogopa uonjaji wanadhani ni elimu ya siri, na wengi wanaoudharau wanadhani ni maringo. Ni kazi ya mikono, pua na ulimi, na mtu yeyote mwenye subira anaijifunza.

Kwanza joto. Mvinyo huu unataka uwe kwenye nyuzi 16 hadi 18. Januari na Februari, ndani ya duka lenye paa la bati pale mjini, chupa inaweza kuwa kwenye nyuzi 28 au zaidi. Ukiimimina hivyo, pombe inapanda puani kabla ya kitu kingine chochote, na mvinyo mzuri na mbaya vinakuwa sawa. Iweke kwenye friji mpaka ishuke kufikia nyuzi hizo. Lakini Juni na Julai, kwa sisi tunaoishi Ilboru, Sekei au Moshono, chini ya mlima, sakafu ya saruji inatosha. Ilaze hapo usiku kucha, asubuhi iko tayari. Katika miezi hiyo Arusha ni mji mzuri kuliko mingi ya nchi hii kwa kuonjea mvinyo mwekundu, na hatuitumii bahati hiyo.

Mimina theluthi ya glasi, usijaze. Iinamishe juu ya karatasi nyeupe na utazame ukingo wa mvinyo pale unapokutana na kioo. Mvinyo mchanga huwa na rangi ya zambarau hadi ukingoni. Uliokaa vizuri miaka mingi huanza kuwa na ukingo wa rangi ya tofali. Ukiona rangi ya kahawia kwenye mvinyo wa miaka mitatu, hewa au joto vimekwisha kuufanyia kazi yake.

Sasa pua. Nusa kabla ya kuzungusha, kisha zungusha glasi na unuse tena. Tafuta kasoro kwanza. Harufu ya boksi lililoloa maji maana yake kizibo kimeharibika, na hilo huikuta chupa ya milioni moja kama linavyoikuta ya elfu kumi na tano. Harufu ya siki unaijua. Harufu ya zizi la farasi inatokana na aina ya hamira pori iitwayo Brettanomyces, ambayo ikiwa kidogo wapo wanaoipenda na ikizidi inaua kila kitu. Ukishavuka hapo, tafuta zabibu yenyewe. Cabernet iliyovunwa kabla ya kuiva vizuri hunuka pilipili hoho mbichi, kwa sababu kemikali inayoleta harufu hiyo ni ya jamii moja katika vyote viwili. Mama anayekatakata hoho za kachumbari kwenye soko la Tengeru anaijua harufu hiyo kuliko mhudumu aliyekariri jina lake kwenye kitabu.

Hapa wapinzani wangu hudhani wamenikamata. Wananiambia vitabu vya mvinyo vimejaa matunda ambayo hatujawahi kuyaona, kwa hiyo uonjaji huu si wetu. Ni kweli kwamba matunda madogo meusi ya Ulaya huyaoni soko la Kilombero. Lakini forosadi tunazo, na zambarau zipo, zenye utamu, uchachu na ukakasi ndani ya tunda moja. Na ile harufu ambayo vitabu huisifia zaidi kwenye Bordeaux iliyokomaa, hasa ya Pauillac kule Médoc, ni ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Mmoja wa miti iliyotengenezewa penseli hizo kwa miaka mingi, mtarakwa, unaota kwenye msitu wa Mlima Meru. Aliyewahi kupasua nguzo ya mtarakwa ameshanusa nusu ya sifa za Bordeaux. Hatuhitaji kuazima pua ya mtu.

Mwisho mdomo. Vuta kiasi cha kijiko kikubwa, kizungushe mpaka kwenye fizi. Uchachu unaupima kwa mate yanavyochuruzika chini ya ulimi. Ukakasi unaupima kwenye fizi na mashavu: je, unakwaruza kama ndizi mbichi, au umeshika lakini ni laini? Pombe unaisikia kwa moto kooni. Sukari unaisikia kwa utamu kwenye ulimi. Kisha tema. Naam, tema, ndivyo kazi hii inavyofanywa, na asiyetaka kulewa au asiyetaka kumeza kabisa hazuiwi kuijua. Baada ya kutema hesabu sekunde: ladha imebaki au imekatika? Mvinyo mkubwa wa Médoc unabaki hadi unaanza kufikiria jambo lingine na bado upo. Wa kawaida unaondoka mara moja. Halafu jiulize swali la mwisho, ambalo ndilo gumu: je, hivi vyote vimeelewana, au kimoja kinapiga kelele?

Kwenye hatua zote hizo sikukuambia usome lebo. Haikuwa na kazi. Na ikisomwa mapema, inaharibu. Mwaka 2001 watafiti watatu wa Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha jaribio walilolifanya Bordeaux kwenyewe. Waliwapa wanafunzi 54 wa masomo ya mvinyo glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu wala ladha. Wanafunzi wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Walikuwa wakisomea fani hiyohiyo, katika mji huohuo, na macho yaliwashinda pua. Sasa fikiria yanavyomfanyia mtu wa Arusha ambaye kabla hajanusa ameshaona picha ya kasri la Kifaransa upande mmoja na jina la Dodoma upande wa pili.

Ndiyo maana kila nikibishana narudi Paris, tarehe 24 Mei 1976. Mwingereza Steven Spurrier, aliyekuwa na duka la mvinyo mjini humo, aliwaalika waamuzi tisa wa Kifaransa, watu wakubwa wa fani, akawamiminia mvinyo wa nchi yao na wa California bila kuwaonyesha chupa. Upande wa mwekundu, Stag's Leap ya 1973 kutoka Napa, California, ilishika nafasi ya kwanza, mbele ya mbili za Bordeaux, Mouton Rothschild na Haut-Brion za 1970. Mmoja wa waamuzi, Odette Kahn, alidai arudishiwe karatasi yake ya alama. Siku moja kabla, ungewauliza haohao, wangekuambia California haifai, na wangekuambia kwa uhakika uleule ninaousikia Njiro. Ubingwa walikuwa nao. Walichokosa kabla ya siku ile ni nafasi ya kuonja bila kujua.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba hukumu ya lebo inatolewa hapa, kwenye miteremko ya Meru, mahali ambapo watu wanajua kuonja kuliko wanavyojipa sifa. Chukua kahawa. Arabika ya Akheri, Nkoaranga na Poli haithaminiwi kwa uzuri wa gunia. Sampuli inakaangwa kidogo na kusagwa, inawekwa kwenye vikombe vyenye namba, inamiminiwa maji ya nyuzi 93 hivi, na baada ya dakika nne mwonjaji anavunja utando wa juu kwa kijiko huku pua yake ikiwa karibu kugusa kikombe. Kisha anaivuta kwa sauti ili imtapakae mdomo mzima, anatema, anaandika: harufu, uchachu, uzito, ladha inayobaki, usafi wa kikombe. Kwa kipimo kinachotumika kimataifa, kahawa ikifika alama 80 kati ya 100 inaingia kwenye kundi la kahawa maalumu, na bei inabadilika. Kahawa ya mkulima mwenye nusu eka iko kwenye kikombe kinachofanana kabisa na cha shamba kubwa la mwekezaji. Mwonjaji hajui ipi ni ya nani na hataki kujua mpaka amalize. Vijana wa Arusha na Moshi wanaifanya kazi hiyo, na wanunuzi wa Ulaya na Japani wanaamini ndimi zao.

Na kabla ya kahawa kulikuwa na mbege. Mmeru na Mchaga hawakuhitaji cheti cha mtu kujua mbege ipi imeiva. Ndizi zimechemshwa vya kutosha au la, ulezi umeota vizuri au la, msesewe umezidi hadi uchungu umefunika utamu au umekaa mahali pake: hayo yote yalijulikana kwa funda moja, na aliyepika ndiye aliyeonja wa kwanza mbele ya wageni. Mama aliyekosea aliambiwa amekosea, hata kama ni mke wa mkubwa. Watu wenye mila hiyo wakija kuniambia kwamba kuupima mvinyo ni mambo ya Wazungu, nawaambia hapana, mnajinyima haki yenu.

Kuna pingamizi moja ambalo nalipa uzito, na halitoki kwa wapenda lebo bali kwa wale wanaosema uonjaji wote ni ubabaishaji. Wanalo neno. Robert Hodgson, mtengenezaji mvinyo wa California, alichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa waamuzi wa mashindano makubwa ya jimbo lake. Waamuzi walimiminiwa mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa ileile, bila kujua. Takribani mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyeupa alama zinazokaribiana mara zote tatu. Hapo wapinzani wanasema: umeona? Kila mtu anabahatisha, afadhali tuamini bei.

Hapana, hiyo haifuati. Uchunguzi ule unasema kwamba mtu mmoja, siku moja, kwenye meza yenye glasi nyingi, hatoshi. Dawa yake ni kuonja mara nyingi zaidi, kwa watu wengi zaidi, kwa siri zaidi. Hausemi popote kwamba bei inajua kuonja. Mwaka huohuo wa 2008 ulitoka utafiti mwingine wa Marekani, uliokusanya majibu zaidi ya 6,000 ya watu walioonja bila kujua bei. Watu wa kawaida hawakuufurahia zaidi mvinyo wa bei kubwa. Kwa wastani waliufurahia kidogo pungufu. Waliopata mafunzo ndio waliokuwa na dalili za kuelekea upande wa pili. Kwa hiyo bei haimsaidii asiyejifunza, na aliyejifunza haihitaji.

Sasa tuje Dodoma, na nitasema wazi ninachokiona. Mizabibu ililetwa na mapadri wa Kikatoliki na kupandwa Bihawana mwaka 1957. Ni ardhi kavu, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, wakati Bordeaux iko karibu nyuzi 45 kaskazini. Hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima wa Hombolo au Mpunguzi ndiye anayeuamuru kwa kisu cha kupogoa, na anavuna mara mbili kwa mwaka. Maana yake ni kwamba mwaka ulioandikwa kwenye chupa ya Dodoma hausemi yote. Zabibu zilizoivia kwenye mvua, huku ukungu ukizishambulia, na zile zilizoiva kiangazi, wakati anga ni safi, si zabibu moja. Mtengenezaji anayetaka tumpime kwa haki aandike msimu wa mavuno kwenye lebo yake. Hilo nalidai kwao kwa nguvu ileile ninayowadai wanywaji waonje.

Zabibu yao kubwa ni Makutupora nyekundu, ambayo si Cabernet na haitakuwa Cabernet. Nyingine zipo, Syrah na aina kadhaa za Italia kama Aglianico na Teroldego, zilizopandwa Hombolo mwanzoni mwa karne hii. Mwekundu usio na sukari wa Dodoma, ule ambao wahudumu wanauita drai, ukiwa umetunzwa vizuri, mimi huuona una rangi nzito, uchachu unaosimama wima na ukakasi wa wastani. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba ladha inakatika mapema. Nimekuta pia chupa zilizopikwa na jua, zenye harufu ya jamu iliyoungua. Njia kutoka Dodoma kupitia Kondoa na Babati hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 400, na lori la turubai halina huruma kwa mvinyo. Hayo ni makosa ya kweli na nayaandika bila kuficha. Lakini kosa la lori si la zabibu. Mvinyo wa Ulaya unaopita bandarini ndani ya kontena la chuma nao hupata jua hilohilo, na sijasikia mtu akiukataa kwa sababu hiyo.

Wanasema Dodoma ni tamu mno. Baadhi ni tamu, imetengenezwa hivyo na imeandikwa hivyo. Lakini tazama meza za harusi zetu: chupa nyekundu za Afrika Kusini zinazoongoza pale ni zile zenye sukari, na lebo zake hazifichi. Utamu wa mgeni unaitwa ulaini, utamu wa mwenyeji unaitwa kasoro. Watu wazima hatupaswi kupima hivyo.

Wanasema pia kwamba ni rahisi, na rahisi ni ghali. Sehemu kubwa ya urahisi huo ni sheria ya kodi: mvinyo uliotengenezwa kwa zabibu za nchini zinazozidi asilimia 75 unatozwa ushuru wa bidhaa mdogo sana ukilinganisha na unaoagizwa nje. Tofauti ya bei unayoiona kaunta imeanzia kwenye jedwali la ushuru, pamoja na meli, bandari na faida ya waagizaji. Anayeisoma kama tofauti ya ubora anasoma karatasi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) akidhani anasoma mvinyo.

Na kuhusu Afrika Kusini, tukumbuke historia. Miaka ya ubaguzi wa rangi Tanzania ilisusia bidhaa za makaburu, kwa hiyo hii desturi ya kuona mvinyo wa Rasi, eneo la mizabibu la Afrika Kusini, ndio kipimo haina hata miaka arobaini mjini hapa. Hata mseto wao wa mtindo wa Bordeaux ni wa karibuni: shamba la Welgemeend lilitoa wa kwanza kutokana na mavuno ya 1979, la Meerlust likafuata na Rubicon ya 1980. Walikuwapo waliosema Rasi haiwezi. Walionyeshwa kwa glasi. Wenzetu wale walipata mezani nafasi ambayo sisi tunaikatalia Dodoma.

Methali ya chema chajiuza, ninayotupiwa kila nikifika hapa, haifanyi kazi kwenye orodha iliyochapishwa. Mgeni aliyepanda Meru siku nne, akashuka akakaa mezani na kukabidhiwa orodha isiyo na hata mvinyo mmoja wa nchi aliyomo, hawezi kuununua hata uwe mzuri kiasi gani. Nimeketi kwenye hoteli ya mji huu nikauliza wa Dodoma, nikajibiwa kwamba hawauzi "kwa sababu ya hadhi." Meneja alikuja kuniomba radhi kwa heshima zote. Nilipomuuliza aliuonja lini mara ya mwisho, alisema hajawahi.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vinywaji wa Arusha na nyumba za wageni za kuzunguka Meru, walimu wa chuo cha hoteli na utalii cha VETA pale Njiro, na wenzangu tunaokunywa nyumbani, tufanye jambo moja. Chukueni chupa nne: moja ya Bordeaux, moja ya Stellenbosch ya Afrika Kusini, mbili za Dodoma zisizo na sukari kutoka kwa watengenezaji tofauti. Zipozeni sawasawa. Mtu mmoja azifunge kwa karatasi ya khaki hadi shingoni, aandike namba, atoke nje. Wengine muonje kimyakimya, kila mtu aandike alama zake kabla hajafungua mdomo kusema. Rudieni siku nyingine kwa mpangilio mwingine. Ndipo mfungue karatasi. Dodoma ikishindwa, andikeni imeshindwa kwa nini, ukakasi, uchachu, joto la njiani, na mumpelekee aliyeitengeneza. Atafaidika na karatasi hiyo kuliko na dharau. Ikifaulu, iingizeni kwenye orodha kwa bei inayostahili, mwaka na msimu vikiwa vimeandikwa. Mavuno ya kiangazi hutoka Agosti na Septemba, na wakulima wa Chamwino na Hombolo wanahitaji wanunuzi kila yanapofika.